Mtoto wa Mikono Mingi

Jumamosi, 15 Machi

Nesi wa kliniki ameniambia nitafute kitabu niwe naandika kila siku mtoto amefanya nini na miguu yake. Haya basi, naandika. Audrey ana miezi kumi na tisa na hatembei. Hatambai pia. Anajisukuma kwa makalio, mguu mmoja mbele, mmoja umekunjwa, akifika anapotaka anatulia na kutazama dunia.

Nesi alimkunja miguu, akamkunjua, akamsimamisha juu ya meza. Miguu iko sawa, nyonga ziko sawa. "Huyu si mgonjwa," akasema. "Kwani mnamweka chini saa ngapi?"

Chini ni wapi? Mtaani kwetu Soweto West mvua ikianza, nje ni matope mpaka kwa kifundo. Ndani ni kitanda, jiko, mitungi ya maji na beseni, na sakafu inatoa unyevu siku nzima. Na Audrey ukimkalisha mahali palipolowa hata kidogo anapiga nduru kama amechomwa. Hawezi kuvumilia makalio yalowe, huyo. Kwa hivyo anabebwa. Ninambeba mimi, anambeba Kavetsa jirani yangu anayebaki naye nikienda kazi, wanambeba wasichana wanaochota maji pale mferejini, anambeba hata mama muuza omena na mikono yake inayonuka dagaa. Nikirudi jioni kwanza nauliza ni nani ako na mtoto.

Jumapili, 16 Machi

Hajatembea. Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Mama mkwe amepiga simu kutoka Ugenya. Oloo, bwanangu, amempelekea habari, yeye ambaye hata kwa nyumba hayuko, yuko kazi ya mjengo Kitengela na huja Jumapili moja, akakosa mbili.

"Nyar Alego," mama akaniambia, yaani binti wa Alego, "huyo mtoto anataka uwanja. Huko kwenu hakuna uwanja."

"Atatembea, Mama. Ni mvua tu."

"Basi tungoje mvua iishe. Nitakuja Mei. Kama hajatembea nikifika, narudi naye, anakaa na mimi mpaka aanze shule."

Mpaka aanze shule! Nimempigia Oloo nikiwa nimewaka. Ati, "Si ni mamangu, Rose? Atamlea poa." Oloo mwenyewe alilelewa na nyanyake. Aliporudishwa kwa mamake akiwa na miaka saba, alimwita shangazi. Hiyo stori alinihadithia tukiwa bado tunatongozana, akicheka mpaka machozi. Sikucheka siku hiyo, na leo nimeikumbuka mchana kutwa.

Alhamisi, 20 Machi

Kazi yangu niieleze mara moja, nisirudie. Naosha ngazi za ploti ya Wakarima huko Kawangware. Natoka Soweto West saa kumi na mbili asubuhi, napita Ayany, navuka Ngong Road, natembea saa nzima. Ploti ni ghorofa nne, vidato sabini. Naanza juu kabisa, nashuka na ndoo na tambara. Ukianza chini maji machafu yatakufuata, hiyo kila mtu anajua.

Wakarima ndiye mwenye ploti. Ni mama mkali, suruali ya kitambaa, funguo kiunoni, sauti unaisikia kabla ya kumwona. Kakake mkubwa, Mwalimu Naftaly, anaishi ghorofa ya pili, chumba cha kwanza ukitoka kwa ngazi. Alifundisha bayolojia miaka thelathini. Sasa magoti yamemkataa, na dadake amekataa kumpa chumba cha chini kwa sababu chini ni maduka. Basi anakaa mlangoni kwa kiti na kungoja mtu wa kumsikiliza. Huyo mtu ni mimi.

Leo nilimwambia kuhusu Audrey, sijui kwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza vidato ni vingapi. Nikamwambia sabini.

"Sasa fanya hivi," akasema. "Kila kidato ni miaka laki moja. Juu kabisa kwa paa ni leo. Chini kwa geti ni miaka milioni saba iliyopita, wakati sisi na sokwe tulikuwa bado familia moja. Watu wenye uso kama wako wanaishi vidato vitatu tu vya juu. Hivyo vingine vyote ni njia ya kufika."

Nikatazama ngazi. Nimeziosha miaka miwili bila kuziona.

"Na kulima?" nikauliza. "Shamba, ng'ombe, ugali?"

"Hiyo ni ukingo wa kidato cha mwisho. Pale unapoweka kidole ukifinya tambara."

Ijumaa, 21 Machi

Hajatembea. Nimeosha kutoka juu kwenda chini, nikawa narudi nyuma miaka laki moja kila kidato. Kufika geti nilikuwa na usingizi mtamu wa ajabu, nikiwa macho.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimuuliza Mwalimu kama si dhambi, kusema tulitoka familia moja na sokwe. Mimi ni mtu wa kanisa. Akasema hata yeye ni mzee wa kanisa. "Mungu hana haraka, Mama Audrey. Ni sisi tuna haraka." Nikaona hapo ananiongelea mimi na miguu ya mtoto wangu, nikachukua ndoo yangu nikashuka.

Jumatano, 2 Aprili

Imenyesha siku sita. Njia ya kuteremka kutoka Sarang'ombe imegeuka mto mdogo. Audrey alibebwa na watu tisa leo. Kavetsa amewahesabu kwa vidole akijisifu.

Nikamwambia mtoto awekwe chini hata kidogo. Kavetsa akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Wapi? Nionyeshe, nimweke." Nikatafuta kwa macho, nikakosa.

Mwalimu anasema mtoto wa nyani hushika manyoya ya mamake na kuning'inia mwenyewe. Sisi manyoya yalituishia, hakuna ajuaye hasa lini, na mtoto akabaki na vidole vya kushika na hakuna cha kushika. Ndio maana ukiweka kidole mkononi mwa mtoto mchanga anakifumbata kwa nguvu zote. Na tunazaliwa mapema kuliko tulivyopaswa, kwa sababu kichwa ni kikubwa na mtu anayesimama wima ana nyonga nyembamba. Tunatoka bado hatujaiva. Lazima tubebwe, na mama peke yake hawezi.

Jioni nilimfungulia Audrey leso, nikampa kidole. Alikishika akilala. Nilikaa hivyo mpaka ugali ukaungua.

Ijumaa, 4 Aprili

Kavetsa amesema kwao wanachimba shimo, wanafukia miguu ya mtoto kwa mchanga wa moto, inapata nguvu. Tumeomba mchanga kwa watu wa mjengo, tukaupasha kwa sufuria, tukaujaza beseni, tukamsimamisha Audrey ndani. Alisimama! Dakika nzima! Kisha akainama akaanza kuula mchanga. Kavetsa alicheka hadi akakaa kwa matope.

Jumapili, 6 Aprili

Hajatembea. Amekunya mchanga.

Alhamisi, 10 Aprili

Ndoto. Nimeota niko mahali peupe, chini ni jivu, na mvua ndogo inanyesha, ile isiyolowesha mtu. Kuna mwanamke mbele yangu amebeba mtoto ubavuni. Namwita, hageuki. Miguu yangu inaingia palepale alipokanyaga, na ni saizi yangu.

Nilimhadithia Mwalimu, akanyanyuka kwenye kiti na magoti yake hayo. "Ni nani alikuambia hiyo?" Hakuna aliyeniambia. Akasema kweli kuna nyayo kama hizo Tanzania. Volkano ilimwaga jivu, mvua ikalilowesha, watu wakapita, jivu likakauka gumu kama saruji. Miaka milioni tatu na laki sita. Hawakuwa watu kamili, vichwa vilikuwa vidogo, lakini mguu ulikuwa wetu: kisigino kwanza, kisha kidole gumba kimenyooka mbele. Na kuna wanaodhani mmoja wao alikuwa amebeba kitu upande mmoja, labda mtoto. Hakuna anayejua.

"Kutembea kulitangulia," akasema. "Kabla ya akili kubwa, kabla ya maneno, kabla ya moto. Kwanza tulisimama."

Akanionyesha pale tulipo. Ukihesabu kutoka juu, ghorofa yake iko kidato cha thelathini na tano. Nikamwambia basi amekosea kwa kidato kimoja. Akasema laki moja si kitu. Mimi nikamwambia laki moja ni kidato kizima na mimi ndiye nakiosha.

Labda niliwahi kusikia habari hizo shuleni nikasahau. Lakini yule mwanamke, na jinsi alivyokataa kugeuka, hakuwa wa shuleni.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani. Audrey amepita mikono ya kwaya yote, sauti ya kwanza hadi ya nne. Hajatembea.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ilitulia asubuhi na jua likaingia kwa tundu la msumari kwenye mabati. Likaweka alama ndogo ukutani, duara la saizi ya kifungo. Audrey aliitazama bila kupepesa. Ikawa inasogea taratibu, naye macho yanasogea.

Mwalimu anasema jicho letu lina weupe mwingi kuliko la nyani, na wengine wanafikiri ni ili mwenzako ajue unatazama wapi. Ni kweli. Huyu mtoto hasemi kitu, lakini nilijua kabisa anachotaka. Alitaka ule mwanga. Alinyoosha mikono nimwinue aushike. Nikamwinua. Nikakumbuka baadaye kwamba hapo ndipo ningemwacha ajitahidi. Aki mimi, mikono yangu hukimbia kabla ya kichwa.

Jumatano, 7 Mei

Mama mkwe amefika. Amekuja na jogoo, unga wa wimbi na kikapu cha dagaa. Aliingia, akamchukua Audrey mgongoni kwangu kabla hata hajaketi. Mtoto hakulia. Nilitaka alie, Mungu anisamehe.

"Ametembea?"

"Bado, Mama."

"Basi. Tarehe kumi na nane, Jumapili, ndiyo basi yangu. Tiketi ni moja. Yeye atakaa kwa mapaja."

Siku kumi na moja.

Jumamosi, 10 Mei

Hajatembea. Mama amemwimbia wimbo wa Kijaluo wa kumwita ng'ombe, mtoto akacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilienda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimegombana na Mwalimu. Nilimwambia mama mkwe amekuja kuniibia mtoto, nikitaka aseme pole. Badala yake alianza hadithi yake. Ati wanyama wengi, jike akimaliza kuzaa, maisha yamemalizika. Mwanamke wa watu anaacha kuzaa na bado ana miaka thelathini mbele. Kwa nini? Wapo wataalamu wanaosema ni kwa sababu ya wajukuu. Nyanya mmoja mwenye nguvu alichimba mizizi, akalisha mtoto wa binti yake, yule mtoto akapona. Asiye na nyanya hakupona. Sisi ni wajukuu wa wale waliokuwa na nyanya.

"Kwa hivyo sayansi iko upande wake?" nikamuuliza.

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo, Mwalimu! Umesema hivyo na mimi nimeshika tambara!"

Wakarima akachungulia kutoka ghorofa ya tatu kuuliza ni nani anapiga kelele kwa ploti yake. Nikaosha vidato thelathini na tano vya chini bila kuangalia mtu. Nilikuwa na hasira na watu waliokufa miaka milioni mbili iliyopita.

Jumatano, 14 Mei

Mvua inapungua. Mama na mimi tulikuwa tunachambua mboga ya sukuma, Audrey kwa paja lake. Nikamuuliza tu, bila kupanga: "Mama, ni kweli Oloo alikuita shangazi?"

Kisu kikasimama. Nilidhani atanikaripia.

"Mama mkwe wangu alisema ni kwa muda mfupi," akasema. "Nilikuwa nafanya kazi Kisumu, kwa nyumba ya watu, hakuna mahali pa mtoto. Miaka ikaenda. Siku niliyomfuata nilimletea viatu. Vilikuwa vidogo. Akasema, asante shangazi." Akarudi kwa sukuma yake. "Unadhani sikulia? Nililia njia nzima mpaka Yala."

"Na sasa unataka nilie mimi?"

"Nataka mtoto atembee, nyar Alego. Nimeshafagia uwanja wote. Nimetoa hata mawe madogo."

Tumemaliza sukuma. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia huyu mama mpaka Jumapili, na sasa sijui nimweke wapi.

Alhamisi, 15 Mei

Ndoto ile tena. Safari hii mwanamke hakuwa amebeba mtu.

Ijumaa, 16 Mei

Hajatembea. Nimefunga nguo zake kwa mfuko: marinda manne, sweta mbili, kofia. Oloo ametuma ujumbe, "Usijali mpenzi." Nimemjibu kwa herufi mbili tu, "Ok."

Jumamosi, 17 Mei



Jumamosi Kavetsa ni Sabato, halei watoto. Mama akasema twende sote Kawangware, aone ninapofanya kazi, tena ni siku ya mwisho. Tulipanga zamu ya kubeba njia nzima. Jua lilitoka tukiwa Jamhuri, jua kweli, la kwanza baada ya wiki.

Tulikuta fundi Ng'ang'a ghorofa ya pili. Ile korido ilikuwa inavuja, vyumba viwili vya mwisho havina wapangaji tangu Februari, basi Wakarima aliamua ipigwe sakafu upya. Fundi alikuwa amemwaga simenti kuanzia hatua mbili kutoka mlango wa Mwalimu hadi mwisho wa korido, ameilainisha na mwiko mpaka inang'aa. Kule mwisho ukuta ni wa matofali ya matundu, na jua lilikuwa linapita humo likichora miraba ya mwanga kwenye mlango wa chumba kitupu. Audrey alipoiona, macho yake hayakutoka hapo. Niliona. Nikaenda zangu kuanza kazi.

Mwalimu alifurahi kupata mgeni. Mama akakalia ndoo iliyopinduliwa, Audrey kwa paja, wakaanza kubishana juu ya nyani kabla sijafika ghorofa ya tatu. Ng'ang'a aliweka ubao wa kuzuia watu juu ya ndoo mbili, akashuka kula githeri.

Nilikuwa nimeosha mpaka kidato cha ishirini na nane. Nikasikia mama anateremka kutoka paa, alikuwa amenipita nimeinama na tambara, akapanda kutazama Nairobi. Mikono mitupu.

"Mtoto ako na nani?" nikauliza.

"Nilimwachia mwenye nyumba, alimtaka mwenyewe."

Wakarima alikuwa ghorofa ya tatu na simu sikioni. Mikono mitupu. "Mimi? Simu iliita, nikamkalisha kwa mkeka wa Naftaly. Si Naftaly alikuwa hapo?"

Mwalimu akatoka ndani ya chumba chake na chati ya mifupa aliyokuwa anamtafutia mama. "Nilidhani ako na nyanyake," akasema.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Nilitazama ngazi. Vidato thelathini na tano vya kwenda chini, saruji tupu, na nimetoka kulowesha vya juu vyote. Sikumbuki kupiga kelele, ila Wakarima anasema nilipiga. Nilishuka mpaka geti nikitazama kila kona. Nilikuwa naomba na kutukana kwa pumzi moja. Hakukuwa na mtu. Nikapanda tena.

"Nyar Alego," mama akaniita kutoka ghorofa ya pili, kwa sauti ya chini sana. "Njoo polepole."

Alikuwa amesimama penye ubao. Kule mwisho wa korido, juu ya kizingiti cha chumba kitupu, Audrey alikuwa amekaa ndani ya miraba ya mwanga, anajaribu kuiokota. Kati yetu na yeye kulikuwa na simenti mbichi. Na juu ya simenti, nyayo.

Ng'ang'a akarudi, "Ni nani ameharibu kazi yangu?" Wakarima akamwambia, "Wee, nyamaza."

Fundi alilaza ubao mrefu juu ya simenti, nikapita nikamchukua, tukamwosha miguu na makalio kwa ndoo nzima ya maji kwa sababu simenti huchoma ngozi. Ndipo ubishi ukaanza.

"Kuna mtu alimshika mikono akamtembeza," Wakarima akasema. "Mtoto asiyetembea hawezi kuvuka hapo."

"Basi huyo mtu alipita na nini?" Mwalimu akauliza. "Tazama. Nyayo zake kubwa ziko wapi?"

Hazikuwepo. Tuliinama sote, hata yeye na magoti yake. Mwanzoni kabisa, pale simenti inapoanzia, palikuwa na alama moja ya duara: makalio. Alijisukuma kama kawaida, akakalia simenti, akahisi baridi na maji. Pembeni kulikuwa na viganja viwili vidogo, vidole vimetanuka, vimezama. Hapo ndipo alipokataa. Halafu nyayo: mguu, mguu, mguu. Kisigino kwanza, kidole gumba kimenyooka mbele. Ya nne imepinda kidogo kwa upande, alisimama hapo, labda alitaka kutuangalia, na hakukuwa na mtu wa kumwangalia. Kisha tano zaidi mpaka kizingitini. Tisa.

Watu wanne wa kumbeba, kila mmoja akidhani yuko na mwingine, na katikati yetu sote mtoto akapata dakika mbili za kutobebwa.

Tukamweka kwenye korido kavu atuonyeshe. Nikamwita, Mwalimu akamwita, Wakarima akatingisha funguo. Audrey akakaa kitako, akatutazama mmoja mmoja, akanyoosha mikono abebwe. Hatua hata moja! Nikaona mambo yameisha, kwa sababu mama alikuwa amesema ametembea au hajatembea, na nani alimwona?

Mama mkwe hakumwangalia mtoto. Alipiga magoti kwenye ubao wa fundi, akaweka kiganja chake juu ya wayo wa kwanza bila kuugusa, kama anayepima joto la chungu. Kisha wa pili. Akaenda hivyo mpaka wa tisa, akinung'unika hesabu kwa Kijaluo. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa wote.

"Huyu ametembea," akasema. "Mimi nimeona."

"Mama, hukuwa hapa."

"Nimeona, nimesema." Akafuta uso kwa leso. "Fungua huo mfuko wa nguo ukifika nyumbani."

Nilimkumbatia, jambo ambalo mke wa mtoto hafanyi kwetu, na yeye akaniacha. Tulilia pale kwa korido ya watu mpaka Wakarima akauliza kama tunataka simenti ilowe tena.

Ng'ang'a alijaribu mwiko wake ukingoni. Simenti ilikuwa imeshaanza kushika. Akasema akilazimisha itapasuka, labda abomoe amwage upya Jumatatu. Wakarima akamtazama Mwalimu, akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi kwa hasira.

"Wacha hivyo. Lakini maji yakituama humo yalete mbu, Mama Audrey, ni wewe utakuwa unayakausha. Nyayo moja moja."

"Sawa, Madam."

"Na huyo mtoto asikuje tena hapa bila kamba."

Jumapili, 18 Mei

Tumesindikiza mama. Basi ilipoondoka alikuwa amebeba kikapu kitupu kwenye mapaja, mahali pa mtoto. Nimeahidi Agosti tutaenda, Audrey akanyage ule uwanja uliofagiliwa. Nilikuwa nimeshinda na nikajisikia vibaya.

Hajatembea leo. Hata sijali.

Jumanne, 20 Mei

Ametembea. Kutoka kitandani hadi kwa mtungi, mbele ya Kavetsa na wasichana wawili wa mferejini. Kavetsa anadai ni ule mchanga wake.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imeisha. Matope yamekauka, njia ina nyayo za kila mtu, viatu, kandambili, peku. Audrey anakimbia. Nikimwita anageuka, anahakikisha nimemwona, halafu anaenda upande mwingine.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeosha kutoka juu. Kufika ghorofa ya pili nikaweka ndoo chini, nikafinya tambara, nikaanza kukausha nyayo moja moja. Mwalimu alikuwa amelala kwa kiti chake, chati kwenye mapaja.

Simu ikaita. Mama, kutoka Ugenya. Hupiga kila Jumamosi saa kama hii, na hamuulizii Audrey kwanza.

"Bado ziko?"

"Ziko, Mama."

"Hebu hesabu, nisikie."

Nikaweka simu kwa spika, nikailaza kwenye sakafu, nikamhesabia. Ya nne ile iliyopinda aliniambia nipumzike hapo kidogo. Nikapumzika. Kisha tukaendelea mpaka tisa.

"Haya," akasema. "Sasa niambie mtoto ameamkaje."